Muziki unalia vizuri, mbona wateja hawanisikii?

Swali: Napika vitafunwa vya oda nyumbani Mbagala: maandazi, sambusa, na keki mara moja moja. Mikono iko kwenye unga muda wote na simu haikomi kuita, kwa hiyo nilinunua zile podi mbili za Bluetooth za masikioni zenye kikasha. Muziki unalia safi kabisa. Lakini nikipokea simu sauti inashuka ghafla, na wateja wanalalamika kwamba nasikika kama niko ndani ya pipa, tena nakatikakatika. Simu yangu ina laini mbili, na nikibonyeza podi ili nimpigie namba ya mwisho, hakuna kinachotokea. Ninunue za bei kubwa zaidi? Na mdogo wangu anayesambaza oda kwa bodaboda naye anazitaka. Zitamfaa?

Jibu: Dada, usitoe hela kwanza. Hilo la sauti kushuka ni tabia ya Bluetooth yenyewe, utaliona hata kwenye podi za laki tatu. La laini mbili linakwisha kwenye mipangilio ya simu kwa dakika moja. La pipa na la kukatika ndiyo yanayotaka uchunguzi, na usishangae uchunguzi ukiishia kwenye mtandio wako. Kosa lililofanyika ni kwamba podi ulizipima dukani kwa wimbo, ukasikiliza wewe. Kifaa cha kuongelea hupimwa na sikio la mtu wa upande wa pili.

Kwanza, kwa nini sauti inashuka. Bluetooth ina njia mbili za kubeba sauti. Muziki hupita njia ya upande mmoja: simu inatuma, podi zinapokea, basi. Kwa kuwa hakuna anayesubiri kujibiwa, simu inaweza kujiwekea akiba kidogo ya sauti na kutuma mzigo mkubwa, hadi kilobiti 328 hivi kwa sekunde katika mfumo wa kawaida unaoitwa SBC. Simu ikiita, njia hiyo inafungwa na kufunguliwa nyingine ya pande mbili, ambayo lazima ipeleke na kurudisha papo hapo. Hii haizidi kilobiti 64 kwa sekunde kila upande. Katika mfumo wa zamani, CVSD, sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila mlio ulio juu ya hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde, unaachwa nje. Mfumo wa mSBC, ulioingia kwenye kanuni za Bluetooth mwaka 2011, hupima mara 16,000 na mazungumzo husikika wazi zaidi, mradi simu na podi zote mbili ziwe nao. Kimoja kikiwa hakina, vinarudi kimyakimya kwenye ule wa zamani na hakuna onyo linalotokea kwenye kioo.

Mtandao nao unakata kwa upande wake. Simu ya kawaida ya 2G hubeba sauti za hezi 300 hadi 3,400 tu. Simu inayopita kwenye 4G, ile inayoandikwa VoLTE juu ya kioo, inaweza kufika hezi 7,000, lakini ni pale mteja naye anapokuwa kwenye 4G. Mteja aliye kijijini kwenye 2G hatakusikia vizuri zaidi kwa sababu wewe umenunua podi za bei mbaya.

Kinachopotea juu ya hezi 4,000 ni sehemu kubwa ya herufi S na F. Kwa Kiswahili hasara hiyo inaangukia mahali pabaya sana kwa biashara ya oda: sita na tisa ni herufi zilezile zilizobadilishana nafasi, na sitini na tisini vivyo hivyo. S ikififia, kinachobaki kwa msikilizaji ni T na irabu, na mteja aliyetaka sambusa sitini anaandaliwa tisini. Kuirudia namba kama ilivyo hakusaidii, mtasikizana vilevile vibaya. Sema "sita, nusu dazeni" au "tisa, kumi kasoro moja". Kwa oda za makumi, "dazeni tano" haiwezi kugeuka kuwa kitu kingine.

Sasa pipa. Sauti ya pipa kwa kawaida ina maana kwamba maiki inayokuokota iko mbali na mdomo, au imezibwa, kwa hiyo inapokea mwangwi wa kuta na bati kuliko maneno yenyewe. Umbali una adhabu kali: kila unapoongezeka maradufu, sauti ya mdomo inayofika kwenye maiki hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), lakini mlio wa mafuta na feni unabaki palepale. Podi zisizo na shina, kile kijiti kinachoshuka chini ya sikio, hukaa zaidi ya sentimita 10 kutoka mdomoni, tena zikielekea pembeni. Ndiyo maana hata nzuri zake huhangaika jikoni.

Jambo la kwanza ni kujua ni maiki ipi inafanya kazi. Mpigie mtu wa nyumbani aliye chumba kingine, mlango ukiwa umefungwa. Usiongee. Kwaruza taratibu kwa ukucha tundu la maiki la podi ya kulia, kisha la kushoto, kisha lile tundu dogo lililo chini ya simu yako karibu na mahali pa kuchomekea chaja. Mwambie akutajie mkwaruzo upi umesikika kwa nguvu: wa kwanza, wa pili au wa tatu. Podi nyingi za bei nafuu hutumia maiki ya upande mmoja tu wakati wa simu, na mwenyewe hajui ni upi. Ikiwa wa tatu ndio unaovuma, podi zinakuletea sauti tu na maiki ya simu ndiyo inayohangaika kukusikia kutoka mfukoni. Hilo hutokea hasa kwenye simu za WhatsApp. Gusa alama ya spika kwenye kioo wakati simu inaendelea, uchague jina la podi zako.

Usifanye jaribio hili kwa programu ya kurekodi sauti. Programu nyingi za kurekodi hutumia maiki ya simu yenyewe hata podi zikiwa masikioni, na utatoka hapo ukidhani podi zako ni nzuri mno.

Ukishaijua podi inayofanya kazi, itazame kwa karibu kwenye mwanga. Tundu la maiki ni dogo kama ncha ya sindano, mara nyingi liko mwisho wa shina, na wakati mwingine lina wavu mwembamba. Jikoni kwako kuna unga unaopaa na mvuke wa mafuta. Vikikutana hapo vinakuwa gundi. Chukua mswaki mkavu wenye nywele laini, shika podi tundu likitazama chini ili uchafu uanguke nje, upige mswaki mara kumi hivi. Kama kuna mafuta, lowesha kidogo pamba ya kijiti kwa spiriti ya asilimia 70, futa juu ya wavu, kisha acha ikauke nusu saa kabla ya kuwasha. Sindano usiingize. Kupuliza kwa mdomo nako usifanye, unaongeza unyevu na kuusukuma uchafu ndani.

Kisha mtandio. Kitambaa kikipita juu ya shina la podi kinafanya mawili kwa pamoja: kinameza milio ya juu, ile ile S ambayo tayari ni haba, na kila unapogeuza shingo kinasugua maiki na mteja anasikia mkwaruzo kama wa gunia. Kilemba kilichofungwa nyuma ya masikio hakina shida. Kama unavaa ushungi, podi haitakufaa kwa kazi hii hata iwe ya nani, na sababu hiyo peke yake inatosha kukupeleka kwenye aina nyingine nitakayoitaja mbele.

Wateja kusema unakatika kunaweza kuwa na maana mbili tofauti, na dawa zake hazifanani. Angalia wewe unasikiaje wakati huo. Kama na wewe unampoteza mteja, silabi nzima zinatoweka kwa ghafla, basi mawimbi kati ya simu na podi hayafiki. Kama wewe unamsikia bila tatizo lolote ila yeye anasema maneno yako yanamezwa, hasa unapotumbukiza sambusa kwenye mafuta, basi ni ile akili ya podi ya kuondoa kelele. Mlio wa mafuta yanayokaanga una sauti za juu na chini zote kwa pamoja, na podi ya bei nafuu haiwezi kuutofautisha na S na F zako. Inaona kelele, inafyeka, na inafyeka na wewe. Hapo dawa ni moja tu, kuisogeza maiki karibu na mdomo au kusogea mbali na karai. Hakuna mpangilio wa simu utakaokusaidia.

Kukatika kwa mawimbi ndiko rahisi. Bluetooth hutumia megahezi 2,402 hadi 2,480, ikiruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa sekunde ili kukwepa msongamano. Maji hunyonya mawimbi ya kiwango hiki, na mwili wa mtu ni maji matupu. Zile mita 10 zinazoandikwa kwenye boksi ni za mahali peupe. Simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kulia na podi inayofanya kazi ikiwa sikio la kushoto, mawimbi yanalazimika kupita kiunoni na kifuani kwako, na hayo ni mengi kwake. Weka simu mfuko wa mbele wa aproni, upande uleule wa podi yenye maiki. Au iweke kwenye rafu unayoiona, mita mbili au tatu, bila friji katikati, kwa sababu bati la friji huzuia kuliko ukuta. Kama una Wi-Fi ya nyumbani ya gigahezi 2.4 au maikrowevu inayonguruma pembeni ya simu, vyote viko kwenye mawimbi hayohayo.

Kuna malalamiko ya tatu ambayo hukuyataja lakini yatakuja: mteja kusikia maneno yake mwenyewe yakirudi. Hiyo ni sauti ya podi yako inayovuja nje ya sikio na kuokotwa na maiki. Punguza sauti hatua mbili, na ubadilishe kile kipira cha podi kinachoingia sikioni kiwe kinachoziba vizuri.

Kabla ya kuhukumu podi, ziunganishe upya, maana muunganisho uliovurugika huleta vituko vingi. Kwenye mipangilio ya Bluetooth gusa alama ya gia pembeni ya jina lake, chagua kusahau kifaa. Kama watoto waliwahi kuziunganisha kwenye TV, zifute na huko, kwa sababu podi hukimbilia kifaa ilichokizoea na unaweza kupokea simu ukashangaa kimya. Rudisha podi zote mbili kwenye kikasha, na kama kikasha kina kitufe kibonyeze kwa sekunde 10 hivi mpaka taa ianze kumwekamweka. Sasa tafuta upya na uunganishe. Zile hedseti za zamani zikidai namba ya siri, jaribu 0000 au 1234. Ukimaliza, fungua tena ile gia na uhakikishe swichi ya simu imewashwa. Ipo yake peke yake, tofauti na ile ya muziki, na ikiwa imezimwa utapata nyimbo tu. Simu ikiuliza kama podi ziruhusiwe kuona majina na rekodi ya simu, kubali ukitaka kutajiwa jina la anayepiga. Ukikataa, utasikia namba tu au mlio.

Laini mbili sasa. Kubonyeza podi mara mbili, kwenye baadhi ya modeli, ni amri ya kupiga namba ya mwisho. Lakini simu yako pengine imewekwa iulize kila mara itumie laini ipi, na swali hilo linatokea kwenye kioo, ndani ya mfuko, mahali ambapo hakuna wa kulijibu. Podi haina namna ya kukuambia kwamba inasubiriwa. Ingia mipangilio ya SIM, kwenye sehemu ya kupiga simu chagua laini moja ya kudumu. Simu zinazoingia zitaendelea kupokelewa kwenye laini zote mbili kama kawaida.

Ukiwa hapo, kumbuka kwamba kwenye simu nyingi za laini mbili, ukiwa unaongea kwenye laini ya kwanza, ya pili haipatikani kabisa. Kwa mpishi wa oda hiyo ni hela inayopita mlangoni. Kwenye laini ya kwanza piga *43# ili kuwasha simu ya kusubiri. Kwenye laini ya pili piga **62*, ikifuatiwa na namba yako ya laini ya kwanza, kisha #. Hapo kila anayekukosa kwa kuwa laini ya pili haipatikani atahamishiwa ya kwanza, na utasikia mlio wa kusubiri podini. Kipande cha simu kilichohamishwa hulipiwa na wewe kama simu ya kawaida, kwa hiyo uwe na salio au kifurushi. Kukiondoa ni ##62#.

Na mikono yenye unga? Podi nyingi za sasa hazina kitufe, zina sehemu ya kugusa, na sehemu ya kugusa haipatani na kidole chenye mafuta au maji. Unagusa mara tatu, ya nne inakata simu. Baadhi ya simu, Samsung zikiwemo, zina mpangilio wa kupokea zenyewe baada ya sekunde chache pale hedseti inapokuwa imeunganishwa. Utafute kwenye mipangilio ya programu ya kupigia simu, sehemu ya kupokea na kukata. Kwenye iPhone uko kwenye Ufikivu, chini ya Mguso. Unafaa sana jikoni, ila ujue unapokea kila anayepiga, hata kama wakati huo unamsema. Uzime ukitoka.

Ukifanya yote hayo, rudia jaribio na mtu yuleyule. Hesabu moja hadi ishirini mara tatu: kwanza simu ikiwa sikioni bila podi, pili kwa podi ukiwa chumba tulivu, tatu kwa podi ukiwa kwenye karai likichemka. Ya kwanza ikiwa mbaya, tatizo ni mtandao wa hapo ulipo, wala usizilaumu podi. Ya pili ikiwa mbaya, podi yenyewe ni mbovu. Zile mbili zikiwa nzuri na ya tatu mbaya, umefika mwisho wa uwezo wa podi, na ndipo nitakapokuambia utoe hela.

Lakini si kwa podi nyingine. Nunua hedseti ya sikio moja yenye kishikizo cha kuzunguka sikio na mkono mfupi wa maiki unaokuja shavuni, zile zinazopendwa na madereva wa malori. Hazina uzuri wowote, ukivaa unafanana na mhudumu wa kituo cha simu, na kwa kazi yako zinashinda podi za mara tano ya bei yake. Maiki inakaa karibu na mdomo na nje ya mtandio. Sikio la pili linabaki wazi kusikia mafuta yanapobadilika mlio na mtoto anapoita. Kitufe ni cha kubonyeza, unakipata hata kwa kifundo cha kidole. Betri ina nafasi ya kuwa kubwa zaidi kuliko ya podi, kwa hiyo huhimili mazungumzo ya siku nzima. Za kuvaa kichwani zenye mkono mrefu wa maiki zinasikika vizuri kuliko hata hizi, ila kwenye joto la jiko lako hutadumu nazo saa moja. Ile ya waya ya kawaida yenye maiki kwenye uzi ni rahisi na inasikika safi, na ningeipendekeza kwa mtu anayekaa mezani, lakini waya unaoning'inia juu ya karai la mafuta ya moto sitaki hata kuufikiria.

Mkono wa maiki uuweke upana wa vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, kwa pembeni. Ukiuleta mbele ya midomo, kila P na B inapiga maiki kwa pumzi na mteja anasikia ngumi badala ya "pilau".

Maneno ya kwenye boksi yanapotosha wengi. ANC ni ya kuondoa kelele kwenye sikio lako wewe, mteja hafaidi chochote. ENC ndiyo inayohusu maiki, yaani kelele anazosikia wa upande wa pili, ingawa kuandikwa tu si ushahidi wa ubora. Bluetooth 5.0 au 5.3 haikuambii lolote kuhusu sauti ya simu. Ukiona mSBC au maneno ya sauti pana, hiyo ni dalili njema. IPX4 inamaanisha inavumilia matone na jasho, na jikoni ningeitaka. Saa za betri zinazotangazwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni za muziki, kwa hiyo tafuta zile za kuongea, ambazo huwa pungufu.

Dukani, Kariakoo ndipo mahali pazuri pa kupimia kuliko chumba chochote cha kampuni. Omba uiunganishe na simu yako, simu nyingine mpe mwenzako asimame duka la tatu au aingie ndani zaidi, kisha wewe toka mlangoni kwenye makelele ya wapiga debe na uhesabu. Msomee na oda moja nzima: sambusa sitini, maandazi tisini, saa tatu na nusu. Mwambie aandike. Akirudi na namba sahihi, lipa. Muuzaji akikataa usiijaribu, nenda duka la pembeni, yapo mengi.

Chaji inaua vifaa hivi kuliko kuanguka. Betri ya podi moja ni ya miliampia-saa 30 hadi 60 tu, na hata hizo hazifiki kama vile visahani viwili vidogo vya shaba kwenye kikasha vimeshika nta ya sikio au unga. Podi inayokufa upande mmoja mara nyingi haijafa, haijachaji. Futa visahani vya podi na vile vya kikasha kwa pamba ya kijiti yenye spiriti kidogo. Kuhusu waya: vikasha vingi vya bei nafuu vina tundu la USB-C lakini ndani wameruka vile vizuizi viwili vidogo vya umeme vya kilo-omu 5.1 vinavyoiambia chaja kwamba kuna kifaa. Ukitumia waya wenye USB-C pande zote mbili, chaja haitoi umeme hata kidogo na utadhani kikasha kimekufa. Tumia waya wenye USB pana ya zamani upande wa chaja, utaona taa inawaka. Na rafu iliyo juu ya jiko si mahali pa kuchajia, kwa sababu betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 45.

Kwa sasa, ukiwa bado na podi zako, vaa moja yenye maiki nzuri, nyingine ibaki kwenye kikasha ikichaji. Ikiwa maiki za pande zote mbili zinafanya kazi, zibadilishane na utapata muda karibu mara mbili. Sauti usiipandishe kushindana na feni. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na anayesikiliza simu kutwa nzima anazifikia saa hizo bila kujua.

Mionzi hukuuliza, lakini atatokea wa kukutisha. Hedseti ya kawaida ya Bluetooth hutuma nguvu ya miliwati 2.5. Simu ya GSM, yaani ya 2G, iliyobanwa sikioni, ikihangaika kutafuta mnara, inaweza kufikia kilele cha wati 2. Hesabu mwenyewe.

Kwa mdogo wako jibu ni tofauti. Mikono yake kubaki kwenye usukani hakumwokoi, kwa sababu kinachotoka barabarani ni akili. Utafiti uliofanyika Toronto na kuchapishwa mwaka 1997 ulifuatilia madereva 699 wa magari waliopata ajali na wenye simu, ukakuta hatari ya ajali wakati wa kuongea ni kama mara nne, na waliotumia vifaa visivyoshikwa mkononi hawakuwa salama zaidi ya walioshika simu. Ufaransa, tangu Julai 1, 2015, kuwa na kifaa sikioni ukiwa unaendesha gari, pikipiki au hata baiskeli ni kosa la faini ya yuro 135. Halafu kuna upepo. Kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa maiki ya podi husikia upepo tu, kwa hiyo atapaza sauti, ataongeza sauti, na honi ya lori nyuma yake hataisikia.

Anachohitaji yeye ni oda na ramani ya nyumba zitumwe kwa ujumbe kabla hajaondoka, na kwenye simu yake awashe ujumbe wa haraka wa kukataa simu: "Niko njiani, nakupigia nikisimama." Mpangilio wa kupokea zenyewe uzimwe kabisa kwake. Simu ikiita, aegeshe nje ya lami, azime injini, avue kofia ngumu, ndipo apige. Akifika hapo hahitaji hedseti, mikono yote miwili iko huru.